Maji ya mjigo na ugonjwa wa moyo: tuulize ni kiasi gani

Mwezi huu tulipanga kuandika juu ya mitihani, lakini mitihani itangoja. Kuna habari imetembea kambini kuliko miguu yetu: eti maji ya mjigo yana sumu inayoitwa aseniki, na eti sumu hiyo ndiyo inayoua watu kwa ugonjwa wa moyo.

Habari ilianzia kwenye kilio. Mzee mmoja wa upande wa Kawale alianguka asubuhi akiwa anafunga kamba ya kiatu, na hakuamka tena. Watu walipokaa matanga, kijana mmoja akafungua simu na kusoma kwa sauti ujumbe aliotumiwa: kuna nchi ambako watu walikunywa maji ya visima miaka mingi, mioyo yao ikaharibika, wakafa. Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu, na hapo ndipo palipo na shida. Ungekuwa uongo mtupu tungecheka, tukaendelea na uji.

Wiki iliyofuata foleni ya mjigo wetu ikapungua. Sisi tulifurahi, tukasema leo tutawahi darasani. Kumbe wenzetu wamehamia bondeni, kwenye vishimo vya dambo ambako ng'ombe wa wenyeji nao wanakunywa. Mama mmoja jirani yetu, mwenye watoto wanne, alikuwa kati yao. Mtoto wake wa mwisho aliharisha siku tatu mpaka macho yakaingia ndani, akalazwa na kuwekewa maji ya mshipa. Tulipoenda kumwona tulimwuliza, "Mama, kwa nini uliacha mjigo?" Akatujibu:

"Mwalimu, mimi si nina presha? Wamesema ile maji ndiyo inaleta presha. Basi nikaacha maji, nikaacha na dawa. Kama chanzo kimeondoka, dawa ni ya nini tena?"

Jibu hilo ndilo lililotutoa usingizi. Kwa neno moja la kwenye simu, mtoto amelazwa kwa kuharisha na mama ametupa vidonge vyake vya presha. Tukaona tusome, tuulize, halafu tuandike.

Aseniki ni kitu gani

Tuseme wazi tangu mwanzo: aseniki ipo, na inagusa moyo kweli. Ni kitu cha asili kilichomo ndani ya mawe na udongo. Mara nyingi inakaa mwamba mmoja na dhahabu, na inawezekana wale kati yetu waliotafuta maisha kwa sururu kule Kamituga au Misisi wameshika mawe ya namna hiyo bila kujua. Maji yanayokaa chini ya ardhi huichukua kidogo kidogo kutoka kwenye mwamba. Sehemu nyingine yanachukua nyingi, sehemu nyingine karibu hayachukui kitu.

Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Tunalisema kwa nguvu kwa sababu tumesikia watu wakiapa kwamba mjigo wao una aseniki, ushahidi wao ukiwa chai inayogeuka nyeusi na shati jeupe la Jumapili lililopata madoa ya kahawia. Hiyo ni chuma, ndugu zetu, ni kutu. Inaudhi, inaharibu shati, lakini si aseniki. Na maji maangavu kama kioo yanaweza kuwa nayo. Jicho halisaidii hapa, wala ulimi.

Mtu akiinywa, sehemu kubwa inatoka na mkojo ndani ya siku chache. Shida ni kwamba kesho anakunywa tena, na kesho kutwa, na miaka kumi. Taratibu inaumiza ngozi laini iliyo ndani ya mishipa ya damu. Mishipa inakakamaa na kuwa myembamba, presha inapanda, na moyo unasukuma kwa shida kama mtu anayepampu mjigo uliokwama. Kwa wengine hata mapigo ya moyo yanavurugika. Mwisho wake unaweza kuwa shambulio la moyo, au kiharusi. Kusini-magharibi mwa Taiwan, watu wa vijiji vya pwani walikunywa maji ya visima virefu vyenye aseniki nyingi, na mishipa ya miguu ya baadhi yao iliziba mpaka vidole vikawa vyeusi na kukatwa. Waliuita ugonjwa wa mguu mweusi. Baadaye madaktari wakaona kwamba vijiji hivyohivyo vina vifo vingi vya moyo. Mshipa ni mshipa, uwe wa mguu au wa moyo.

Visima vilivyochimbwa kuokoa watoto

Ile nchi ya kwenye ujumbe wa simu bila shaka ni Bangladesh. Habari yake inafanana na yetu kuliko wengi wanavyodhani. Zamani watu wa vijijini kule walikunywa maji ya madimbwi na mito, na watoto walikufa kwa kuharisha. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, UNICEF na mashirika mengine wakasaidia kuchimba visima vya pampu ya mkono, na wananchi wenyewe wakachimba vingi zaidi. Vijidudu vilipungua. Lakini aseniki hakuna aliyeipima. Iligunduliwa kwenye visima vya nchi hiyo mwaka 1993, wakati mamilioni ya watu walikuwa wameshakunywa miaka mingi. Mwaka 2000 mtaalamu Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba umma mkubwa namna ile haujawahi kudhuriwa na sumu katika historia.

Mwaka huohuo 2000, katika eneo la Araihazar, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani na wenzao wa Bangladesh walianza kufuatilia watu karibu 12,000. Tunaomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana jibu la swali la kambini. Wale watafiti hawakuuliza tu "je, maji yana sumu?" Walipima kisima cha kila mtu. Wakauliza anakunywa kiasi gani kwa siku na ametumia kisima hicho miaka mingapi. Wakachukua mkojo, wakapima presha, wakapima uzito, wakauliza nani anavuta tumbaku. Halafu wakangoja miaka, wakihesabu nani amekufa na amekufa kwa nini.

Matokeo ya moyo yalitoka mwaka 2011. Kundi lililokunywa aseniki nyingi zaidi, ambalo wastani wake ulikuwa maikrogramu 265 kwa kila lita, lilikufa kwa magonjwa ya moyo karibu mara mbili ya kundi la wale ambao maji yao hayakuzidi 12. Na mvutaji wa sigara aliyekunywa maji yale alikuwa katika hatari kubwa kuliko ukijumlisha hatari ya sigara peke yake na ya maji peke yake. Papa unayevuta huku unalalamikia mjigo, tafadhali soma sentensi hiyo mara mbili.

Sasa hiyo maikrogramu ni kitu gani? Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha maikrogramu 10 kwa lita tangu mwaka 1993; kabla ya hapo walikubali 50. Tuliwapa watoto wetu wa standadi ya 7 hesabu hii. Chukua gramu moja, ambayo kwa sukari ni kama robo ya kijiko cha chai. Ili kufika kwenye kipimo cha 10, gramu hiyo moja itiwe ndani ya lita 100,000, yaani ndoo 5,000 za lita 20. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa nani anaweza kuonja robo kijiko kwenye ndoo elfu tano?" Darasa likacheka, lakini ndiyo hasa tulichotaka waone.

Tukaendelea. Mtu mzima anayekunywa lita 2 za maji yenye 10 anaingiza maikrogramu 20 kwa siku. Mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, ulianza mwaka 1958 kunywa maji ya mto yenye karibu 860. Kwa lita 2 hizohizo ni 1,720 kwa siku, kila siku, mpaka mwaka 1970 walipojenga mtambo wa kusafisha. Kule vifo vya moyo ndivyo vilivyotangulia, hata kwa wanaume ambao hawajafika miaka 50. Maji yalipobadilishwa vifo hivyo vya moyo vikapungua, ingawa saratani ya mapafu na ya kibofu ziliendelea kuua kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye maji mabaya, moyo unafaidika.

Usisahau sufuria. Maji ya bugali na ya wali hayamwagwi, yanaliwa. Na mtoto mdogo yuko tofauti na sisi: mtoto wa kilo 10 akitumia lita 1, kwa kila kilo ya mwili wake amepata mara tatu ya mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2. Fanyeni hesabu wenyewe nyumbani, inatoka.

Lakini namba 10 isichukuliwe kama ukuta, kwamba 9 ni uzima na 11 ni kifo. Kati ya wenyeji wa asili wa Marekani, utafiti mrefu uliotoa matokeo mwaka 2013 uliona uhusiano na ugonjwa wa moyo hata kwa watu wenye aseniki ya chini au ya wastani. Ni kama mteremko. Chini hatari ni ndogo, juu ni kubwa.

Na hapa Malawi je?

Wizara ya maji ya Malawi pamoja na Chuo Kikuu cha Strathclyde cha Scotland walikusanya vipimo vya visima vya sehemu nyingi za nchi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Sehemu kubwa sana ya visima ilikuwa chini ya 10. Vilivyoonyesha aseniki ya kueleweka vilikuwa vichache, hasa kwenye maji ya chemchemi za moto. Hapa Dzaleka hatuna chemchemi ya moto; tuko juu ya mwamba mgumu wa zamani, kama uwanda wote huu wa Lilongwe. Hilo linatuliza roho. Lakini hatuwezi kuligeuza kuwa kiapo kwa kila mjigo, na sababu tunaijua kutoka Tanzania, ambako wengi wetu tulipita. Kule Geita na Tarime, penye migodi ya dhahabu, watafiti wamekuta kisima kimoja kimezidi kipimo na kingine si mbali hakina shida. Jibu la mjigo wako liko kwenye karatasi ya maabara yenye jina la mjigo wako.

Kwa hiyo tuliamua kuuliza. Walimu wawili tulipata kibali, tukapanda minibasi mpaka Lilongwe, halafu kwa miguu mpaka Capital Hill, kile kilima chenye ofisi za wizara. Majani yamekatwa vizuri, magari yanang'aa, na sisi viatu vyekundu kwa vumbi la Dzaleka. Tulitegemea kufukuzwa getini. Hatukufukuzwa. Baada ya kukaa kwenye benchi mpaka saa saba, bwana mmoja wa makamo alitupokea, na sisi kwa Chichewa chetu cha kuokoteza tukaeleza shida.

Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza neno moja: "Mjigo gani?"

Tukaangaliana. Tulikuja na malalamiko ya kambi nzima, na hatukuwa na namba ya mjigo hata mmoja.

Bwana yule alitufundisha kuliko tulivyotegemea. Alisema tukiandika tu "tunaomba mpime maji yetu", fundi anaweza kupima vijidudu na chumvi akaenda zake, naye atakuwa hajakosea. Aseniki iandikwe kwa jina. Barua itaje kila mjigo, namba yake kama imeandikwa kwenye saruji, mahali ulipo, na familia ngapi zinachota. Maji yachukuliwe na fundi mwenyewe, kwa chupa zake na dawa yake ya kuyahifadhi. (Mmoja wetu alikuwa amebeba maji ya mjigo kwenye chupa ya Fanta ndani ya mfuko. Akairudisha chini ya benchi polepole.) Kuna pia vipimo vya haraka vya kutumia palepale kisimani, kikaratasi kinachogeuka kutoka nyeupe kwenda njano na kahawia, vinafaa kukamata aseniki nyingi, lakini kwa kiasi kidogo maabara ndiyo inaaminika. Mwisho akasema matokeo yasifichwe kwenye faili. Yasomwe mbele ya wanaochota.

Hilo la mwisho ndilo lililookoa watu wengi Bangladesh. Walipima visima karibu milioni 5, wakapaka rangi mdomo wa pampu: nyekundu kwa kisima kilichozidi kipimo chao cha 50, kijani kwa kizuri. Visima milioni 1.4 vilipata rangi nyekundu. Familia nyingi hazikupewa mtambo wala chujio. Zilihama tu kwenye pampu ya kijani ya jirani, pale ilipokuwa karibu na jirani akakubali. Sisi hapa tunapigana kwa sababu mtu wa bloku nyingine amechota kwetu, hasa tangu mwaka 2023 wenzetu walipotolewa mijini na kurudishwa kambini na foleni zikawa ndefu. Siku rangi nyekundu ikipatikana, hilo la bloku itabidi tulizungumze.

Wakati tunangoja

Kuchemsha maji na kutia klorini kunaua vijidudu, na tuendelee. Aseniki haifi kwa sababu si mdudu. Maji yakichemka sana na kupungua, iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Wanaouza dawa ya unga sokoni kwamba "inatoa sumu zote za maji", tuwaombe karatasi.

Lakini kurudi dambo, hapana. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi wa Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700 katika muda wa kama mwaka mmoja na kidogo. Aseniki ya kiasi kidogo, hata kama ingekuwepo, ni hesabu ya miaka. Kipindupindu ni hesabu ya masaa. Mama anayekimbia mjigo ambao haujapimwa na kwenda kwenye kishimo cha ng'ombe amekimbia hatari ya labda na kuishika ya hakika.

Na presha tusiiweke yote juu ya maji. Wale watafiti walipima presha na tumbaku pamoja na aseniki kwa sababu walijua moyo hauumizwi na kitu kimoja. Mtu mwenye presha ya 180, anayevuta, anayetia chumvi na Maggi mbili kwenye sufuria ya sombe, huyo hatari yake haihitaji maabara kuonekana. Inapimwa kwa kile kitambaa cha mkononi hospitalini kwetu, dakika mbili. Hata kama kesho mjigo wake ungekutwa na aseniki, jibu lisingekuwa kuacha vidonge. Mtu ambaye mishipa yake imeshaguswa ndiye anayehitaji vidonge zaidi. Na ukisikia kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho baridi likikutoka, usingoje asubuhi na usianze kujadili maji. Nenda.

Mama jirani yetu mtoto wake ametoka hospitali, anakula, anasumbua kama kawaida. Tulimsomea sehemu ya makala hii kabla ya kuipeleka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, kumbe mlikuwa mnajua, mbona mlichelewa?" Hatukuwa na jibu zuri. Nesi alimpima, presha ilikuwa juu sana, akamrudishia dawa. Siku hizi tunamwona kwenye foleni ya mjigo saa kumi na moja alfajiri, na bidoni zake mbili za njano.

Barua ya Capital Hill tumeshaanza. Watoto wa standadi ya 7 wanazunguka na daftari baada ya masomo, wanaandika namba za mijigo, mahali ilipo, na idadi ya familia. Mpaka tunapoandika wamefika mijigo tisa. Miwili kati ya hiyo namba imefutika kabisa kwenye saruji, mmoja upande wa Likuni na mwingine karibu na soko. Mzee yeyote aliyekuwepo siku ulipochimbwa na anaikumbuka namba, au anamkumbuka fundi, aje shuleni siku yoyote mchana. Daftari liko mezani, na peni imefungwa kwa kamba.